Maswali ya Wasomaji: Shirika la Elimu Halina Shule

Toleo lililopita lilipogusia ajira katika mashirika yasiyo ya kiserikali yanayoshughulika na elimu, tulipokea barua nyingi kutoka Dodoma na mikoa jirani. Tumechagua nne, tumezifupisha, na tumeficha majina ya walioziandika. Anayezijibu amefanya kazi katika mashirika ya aina hiyo mkoani Dodoma kwa miaka mingi.

Shikamoo. Nimehitimu shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma na bado sijapata ajira serikalini. Sasa shirika moja limeniita kwenye usaili wa nafasi ya afisa mradi wilayani Chemba, katika mradi wa kusoma na kuandika kwa madarasa ya chini. Rafiki zangu wanasema huko ni kula posho na kupanda magari makubwa. Mjomba wangu anasema ni kazi isiyo na kesho. Naomba unieleze kazi yenyewe ikoje kabla sijaingia. (Mhitimu, Nkuhungu, Dodoma)

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuitwa. Rafiki zako na mjomba wako wamekuambia mambo yenye ukweli ndani yake, lakini hakuna aliyekugusia lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba shirika la elimu halina shule. Majengo ni ya serikali na ya wanakijiji waliosomba mawe na mchanga, walimu ni watumishi wa halmashauri, mtaala ni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na watoto ni wa wazazi wao. Wewe utalipwa mshahara ili kazi ya watu wengine ifanikiwe. Ukilikubali hilo utaipenda kazi hii kwa miaka mingi. Usipolikubali utagombana na walimu wakuu mpaka mradi uishe.

Kwa sababu hiyo utaanza kwa kubisha hodi. Sera ya elimu iko mikononi mwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, lakini shule za msingi na sekondari za serikali huendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barua ya utambulisho hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kwa Afisa Elimu Msingi, kwa Afisa Elimu Kata, ndipo imfikie mwalimu mkuu; na ukifika kijijini unaanzia ofisi ya mtendaji na kusaini kitabu cha wageni. Vijana wengi huuona mlolongo huo kuwa urasimu wa kuchelewesha mradi. Mimi nauheshimu, kwa kuwa Afisa Elimu Kata atakuwapo akizungukia shule zake wakati wewe umeshahamia mradi mwingine, na kama hakushirikishwa tangu mwanzo hatakuwa na sababu ya kuendeleza mlichokianzisha.

Baada ya hodi ni darasani, na huko ndiko ninakokuomba utumie muda wako mwingi. Utaingia darasa la pili, watoto wamebanana kwenye madawati, mwalimu atawaambia wasome ukurasa fulani, nao watausoma kwa sauti moja bila kukosea. Mgeni wa siku moja hupiga makofi na kuondoka. Wewe omba ruhusa ya mwalimu, umwite mtoto mmoja, na umwambie asome ukurasa uleule huku akifuatisha maneno kwa kidole. Mara nyingi utaona mdomo umeshafika mwisho wa sentensi na kidole bado kiko kwenye neno la pili. Mfungulie ukurasa ambao darasa halijaufikia, naye atanyamaza na kukutazama. Mtoto huyo si mzito wa kuelewa. Mtu anayeweza kuhifadhi kurasa nzima kwa kusikia tu ana kichwa kizuri sana. Kilichokosekana ni kufundishwa kwamba kila sauti ina herufi yake, na kupewa nafasi ya kusoma peke yake mbele ya mtu anayemsikiliza. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku, na kazi yako ni kukaa naye baada ya vipindi mkatafuta namna: makundi madogo, wanafunzi kusomeana wawili wawili, kadi za silabi zinazotengenezwa kwa maboksi ya dukani.

Chemba ina jambo jingine ambalo waandishi wa miradi husahau. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi, lakini watoto wengi wa huko huanza shule wakiwa wamezoea Kirangi, Kiburunge au Kisandawe, lugha yenye vidoko ambayo haina udugu na lugha za Kibantu. Ukienda Bahi au Chamwino utakuta Kigogo. Mtoto huyo hujifunza herufi na maana ya neno kwa wakati mmoja, huku mwalimu wake pengine amepangiwa kazi kutoka Kagera au Kilimanjaro na hajui hata salamu za wenyeji. Anaweza kulitamka vizuri neno asilolielewa, nawe ukaandika katika ripoti kwamba anasoma. Muulize neno lina maana gani kila mara, na jifunze salamu za kijiji unachokwenda. Milango mingi hufunguka kwa hilo peke yake.

Utagundua pia kwamba mahudhurio hufuata kilimo kuliko ratiba ya ofisi. Mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi ya kwanza ya mwaka ndiyo ambayo ghala za wengi huwa zimekwisha, hivyo mtoto huja shule na njaa au haji kabisa. Uwele na mtama vikianza kukomaa, watoto hupelekwa shambani kuamia ndege. Wengine wanachunga. Shule ambayo wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi ya uji huwa na watoto darasani hata Februari, na naamini mkutano mmoja mzuri wa wazazi kuhusu uji hufanya mengi kuliko mabango mia yenye nembo ya shirika.

Halafu kuna ugomvi wa kalenda, na huo utakuumiza kichwa kila mwaka. Mwaka wa masomo huanza Januari, mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai, na mfadhili naye ana wake. Ule wa serikali ya Marekani, kwa mfano, huanza tarehe 1 Oktoba. Chukua mradi ambao fedha zake zinaingia Oktoba. Darasa la saba wamemaliza mtihani wao Septemba, shule sasa ziko kwenye upimaji wa darasa la nne, na wakuu wa sekondari wanajiandaa na kidato cha pili na cha nne. Desemba shule zimefungwa. Zikifunguliwa Januari, makorongo yamejaa maji na gari halivuki. Unapopata mwezi wa kwanza wa kufanya kazi kwa utulivu, makao makuu wanauliza kwa nini fedha za robo mbili hazijatumika. Ukipewa nafasi ya kuchangia andiko la mradi, pigania kalenda ya shule ndani yake kabla ya jambo jingine lolote.

Kuhusu posho na magari makubwa, ni kweli yapo, hasa katika mashirika ya kimataifa; mashirika madogo ya hapa nyumbani hupanda bodaboda na mshahara wakati mwingine huchelewa. Ambalo rafiki zako hawakukueleza ni marejesho ya masurufu. Kabla ya safari unachukua fedha, na ukirudi unapaswa kuonyesha kila shilingi ilikokwenda. Kituo cha mafuta na nyumba ya wageni watakupa risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kielektroniki ya kodi. Mama aliyepika chakula cha mkutano wa wazazi kijijini hana mashine hiyo, kwa hiyo utahitaji karatasi yenye jina lake, kiasi alicholipwa, sahihi au dole gumba, na mara nyingi muhuri wa mtendaji. Fanya hivyo palepale, kabla hujapanda gari kurudi. Na liko jambo ambalo utaambiwa kwamba kila mtu hulifanya: kujaza orodha ya mahudhurio kwa majina ya watu ambao hawakufika. Ni wizi wa fedha za watoto, na nakusihi usilifanye hata mara moja, hata anayekuagiza akiwa bosi wako.

Utasaini pia kanuni za ulinzi wa mtoto. Zisome. Usikae na mtoto peke yenu mahali pasipoonekana, usimpige picha bila ridhaa ya mzazi, na usimpe namba yako ya simu. Ukiambiwa au ukiona dalili ya ukatili, si kazi yako kuhoji wala kupatanisha familia. Mpelekee taarifa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa mtoto. Iwapo ni binti aliyeacha shule kwa ujauzito, fahamu kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana hao kurudi katika shule za kawaida. Wapo wazazi vijijini ambao bado hawajalisikia hilo, na wewe unaweza kuwa wa kwanza kuwafikishia.

Siku ya usaili nawe uliza: mradi unaisha mwezi gani, mfadhili ni mmoja au ni wengi, michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huwasilishwa kila mwezi, na nani atasimamia shughuli hizi mradi ukifungwa? Majibu yao, na namna watakavyoyatoa, yatakuonyesha shirika unalokwenda kufanyia kazi. Ajira ya serikali endelea kuiomba. Ukija kuwa mwalimu baada ya miaka miwili ya kazi hii, utaingia darasani ukijua kusikiliza mtoto mmoja mmoja, na wapo waliofundisha kwa miaka mingi bila kupata nafasi ya kujifunza hilo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu wilayani Kongwa. Mashirika huja hapa na kila moja lina mbinu yake ya kufundisha kusoma na fomu zake za takwimu. Tunaitwa semina mjini kwa siku tano, madarasa yanabaki na walimu wawili. Wakishaondoka hawarudi. Je, wanatusaidia sisi, au sisi ndio tunawasaidia kujaza ripoti zao?

Mwalimu, pole na kazi. Lalamiko lako ni la haki na sitalipamba. Semina ya mjini ni rahisi kwa shirika kwa sababu ukumbi una umeme, orodha inasainiwa siku moja, na mfadhili anapelekewa idadi ya walimu waliofikiwa. Idadi hiyo haielezi chochote kuhusu watoto sitini waliobaki bila mwalimu wiki nzima. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto waliandikishwa kwa wingi kuliko walimu na vyumba vilivyokuwapo, na kila siku ambayo mwalimu yuko nje ya darasa imekuwa ghali zaidi kuliko zamani.

Njia nyingine ipo, na ni ya serikali yenyewe. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, mnaouita MEWAKA, unataka walimu wajifunze palepale shuleni, katika jumuiya zao za ujifunzaji, na kukutana na shule jirani kwenye kituo cha walimu. Shirika lolote linaweza kuingiza mbinu yake humo. Shirika likija tena, mwombe mwalimu mkuu awaulize kwa upole: je, mafunzo haya yanaweza kufanyika alasiri hapa shuleni, na mkufunzi wenu akarudi mwezi ujao kutazama tunavyofundisha? Wapo watakaokubali mara moja, kwa kuwa ni nafuu hata kwao. Waulizeni pia kama mbinu yao inaendana na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, maana vifaa vya miradi iliyotangulia vilitungwa kwa mtaala wa zamani.

Kuhusu takwimu naomba nisimame kidogo upande wa pili. Upimaji wa Uwezo, uliokuwa chini ya shirika la Twaweza, ulikwenda majumbani na kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, na nchi ikalazimika kuuliza kama watoto tuliowaandikisha wanajifunza. HakiElimu, iliyoanzishwa 2001, imeweka hoja za walimu na wazazi mbele ya watunga sera kwa namna ambayo shule moja ya Kongwa isingeweza kufanya peke yake. Kupima si kosa. Kosa ni kupima na kuondoka na majibu. Kama shirika limewasikiliza wanafunzi wako wakisoma, dai nakala ya matokeo ya darasa lako, kwa majina, kabla hawajawasha gari. Ni kazi ya wanafunzi wako, na wewe ndiwe unayeweza kuyatumia kesho asubuhi.

Niliajiriwa Mwanza na kuhamishiwa Dodoma na familia yangu kwa mradi wa elimu uliofadhiliwa kutoka nje. Mapema mwaka 2025 tuliambiwa tusimamishe kazi, kisha mkataba wangu ukakatishwa ukiwa na zaidi ya mwaka mbele. Nilistahili nini? Na je, ni busara kurudi katika kazi hizi?

Pole sana, ndugu yangu. Hukuwa peke yako. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na miradi mingi duniani haikufunguliwa tena. Watu walioamka na kazi walilala bila kazi, na shule zilizokuwa zikisubiri vitabu hazikuelezwa chochote.

Kisheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukatisha mkataba wa muda maalumu kabla ya wakati wake bila sababu halali na utaratibu wa haki. Mfadhili kuondoka kunaweza kuwa sababu, lakini kupunguza wafanyakazi kuna hatua zake: taarifa mapema, maelezo ya sababu, na mashauriano. Aliyetumikia miezi 12 mfululizo au zaidi hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi, pamoja na malipo ya likizo ambayo hakuichukua, notisi, na cheti cha utumishi. Kwa kuwa uliajiriwa Mwanza, gharama za kukurudisha huko nazo ni sehemu ya haki yako. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukiwa umechelewa, unaweza kuomba tume ikupokee kwa kueleza sababu ya msingi, na hapo mtafute mwanasheria au chama cha wafanyakazi. Nenda pia NSSF ukahakikishe michango yako yote, asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, iliwasilishwa kweli, na uulizie fao la kukosa ajira.

Kuhusu kurudi, mimi nasema rudi, ila chagua shirika lenye wafadhili zaidi ya mmoja. Mtu aliyekwisha kukaa na walimu wa vijijini ana ujuzi ambao Dodoma inauhitaji, iwe kwa shirika, kwa halmashauri au kwa shule binafsi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wilayani Bahi. Kitongojini kwetu kuna shule shikizi yenye watoto wa madarasa ya chini, na wengi hawasomi vizuri. Nina nguvu bado na nina akiba kidogo. Nataka kuanzisha shirika la kuwasaidia. Nianzie wapi?

Shikamoo, mwalimu. Nimefurahi kupokea barua yako, na nitakueleza mawazo yangu bila kuzunguka: usianze na shirika.

Shirika likishasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, lina wajibu wake bila kujali ukubwa. Litahitaji katiba, uongozi, ada, na taarifa ya kila mwaka ya shughuli na fedha kwa Msajili. Likipata ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinalitaka kuwasilisha mkataba huo na kuweka wazi mapato na matumizi yake. Kanuni hizo zina maana yake, kwa kuwa fedha za watoto zinapaswa kuonekana, lakini zitakula akiba yako na jioni zako kabla hujamfundisha mtoto yeyote silabi.

Unachotaka kufanya hakihitaji cheti. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule mama ambayo shikizi hiyo iko chini yake, umwambie uko tayari kusoma na watoto alasiri tatu kwa wiki. Mwombe alifikishe kwa kamati ya shule na kwa Afisa Elimu Kata ili uwepo wako ujulikane na uwe halali, na watoto wakutane nawe mahali pa wazi, shuleni penyewe. Mpime kila mtoto mwanzoni, mmoja mmoja, kwa ukurasa ambao hajawahi kuuona, na uandike katika daftari anachoweza: herufi, silabi, neno, sentensi, au hadithi fupi. Wagawe kwa kiwango walichofikia, si kwa darasa wala umri. Akiba yako inunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili chepesi, na ongea na wazazi kuhusu uji, kwa kuwa alasiri ya Februari bila chochote tumboni ni ngumu kwa mtoto wa miaka saba.

Mwisho wa muhula wapime tena kwa njia ileile na umwonyeshe mwalimu mkuu daftari hilo. Vitongoji jirani vikianza kukuomba msaada, na ukapata wenzako wa kuaminika wa kufanya nao kazi, hapo nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, akueleze hatua za kusajili shirika katika ngazi ya wilaya.